Nilivyoigawa Diski Yenye Kitabu cha Mzee Feruzi

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na aliyenivua ni printa.

Naandika haya nikiwa intaneti kafe. Nawatumia ninyi wanne tu tuliosoma uhazili pamoja. Msimtumie mtu mwingine. (Najua mtatuma. Hata mimi ningetuma.)

Mnajua niko kwa Mama Sauda, kwenye duka lake la kuchapa na kutoa fotokopi, mwaka wa tisa sasa. Nilianza na taipureta, na kwa taipureta hapa Dodoma mjini hakuna aliyenifikia. (Labda yupo. Sijakutana naye tu.) Mama Sauda akanunua kompyuta, nikafundishwa kuiwasha, kuandika, kuhifadhi na kuizima. Nikajiona nimefika.

Halafu akaja Neema.

Neema ana miaka ishirini na miwili, ana cheti cha kompyuta alichokipata Morogoro, na amenunuliwa kompyuta mpya pamoja na kiti chenye magurudumu. Kiti changu mimi kina msumari. Angekuwa mtoto wa Dar ningesema sawa, hao wamezaliwa na mambo hayo. Lakini ni wa Makutupora! Kwao wanalima zabibu kama sisi Mlali tunavyolima mahindi. Sasa yeye alipita njia gani ambayo mimi sikuiona? Siku hizi mteja akiingia anauliza, "Yule dada wa kompyuta yupo?" Na mimi nimekaa palepale. Mbele ya kompyuta.

Nisimsingizie. Neema hajawahi kunikosea. Kila asubuhi ananikatia nusu ya chapati yake. Ananiamkia shikamoo. (Nina miaka thelathini na moja, jamani, shikamoo ya nini? Lakini nikipiga hesabu ni haki yangu, kwa hiyo naitikia marahaba huku nimenuna.)

Sasa kuna Mzee Feruzi. Mzee huyu ni wa zile familia za mjini za zamani, babu zao walikuja na misafara ya biashara wakaoa hapa wakabaki. Kwa miezi minne amekuwa akija kila Jumanne na Alhamisi, anakaa, anasema, mimi napiga. Nani alimzaa nani, nani aliolewa Kondoa, nani alihamia Tabora akapotelea huko. Kitabu cha ukoo wake. Hana daftari. Kitabu kilitoka mdomoni mwake kikaingia kwenye kompyuta yangu, basi. Walikuwepo bibi wawili aliokuwa akienda kuwauliza majina. Mmoja tumemzika mwezi uliopita. Kesho ukoo mzima unakutana kwa Mzee kwa hitma ya marehemu, na kitabu kisomwe.

Jana Neema akamwambia Mzee kwamba diski ya mashine yake ameigawa sehemu mbili, C na D, ili hata C ikiharibika, vilivyomo D vibaki salama.

"Basi kitabu changu kihamishieni kwa Neema," Mzee akasema. "Huko D."

Kitabu changu! Kwa Neema! Nilichokipiga kwa vidole hivi!

"Hata mashine yangu ina D, Mzee," nikasema. (Haikuwa nayo.)

Neema akanisogelea taratibu. "Dada Foibe, kesho mchana nitakugawia, ila kwanza inabidi tutoe..."

"Neema, najua."

Hapa niwaeleze akili yangu ilivyokuwa inafanya kazi, ili mnihukumu kwa haki. Kwangu Mkonze tulikuwa na chumba kimoja kikubwa, mimi na mdogo wangu. Mwaka jana akaja fundi akasimamisha siling bodi katikati. Kitanda kilibaki kilipokuwa, kabati likabaki lilipokuwa, hakuna hata kijiko kilichopotea. Nikajua kugawa diski ni hivyohivyo. Unasimamisha ubao, vitu vinabaki mahali pake.

Leo saa moja asubuhi nikawa wa kwanza dukani. Nilikuwa na disketi moja ya akiba yenye nakala ya kitabu. Disketi nyingine tupu hakuna. Nikaifuta hiyo, nikachukulia ile programu ya kugawa kutoka mashine ya Neema. Nikajiambia, kitabu si kimo ndani ya mashine? Nitakirudisha kwenye disketi baadaye. Hatua zenyewe nilikuwa nimezichungulia siku nyingi begani kwa Neema, nikaziandika nyuma ya kalenda. Hatua sita.

Kwenye hatua ya tano mashine ikaleta maneno mengi ya Kiingereza, yanamwekamweka. Onyo. Kiingereza changu mnakijua. Lakini nikasema kompyuta ndivyo zilivyo, kama makarani, hata ukitaka kuizima tu inakuuliza una uhakika. Nilikuwa na uhakika. Nikabonyeza.

Ikazimika. Ikawaka. Kioo cheusi. Mstari mmoja wa maandishi kwamba haioni chochote cha kuwashia.

Nikaizima nikaiwasha. Nikaifuta vumbi. Nikaifunika na kitambaa chake cha kufuma, nikahesabu hadi hamsini, nikakifunua. (Sijui nilitegemea nini.) Nyeusi.

Saa mbili Neema akaingia.

"Shikamoo dada Foibe."

"Marahaba. Umeme umekatika."

Neema akatazama birika la umeme. Lilikuwa linachemka kwa mlio.

"Umekatika upande wangu," nikasema.

Akaja akaangalia kioo. Akaangalia disketi. Akaangalia kalenda niliyoigeuza.

"Dada, umeigawa diski?"

"Kidogo."

Neema akainama chini ya meza. Kisha akavuta waya ukutani. "Usiiguse tena. Dada, nisikilize. Ulichofuta ni orodha tu. Ni kama mtu ameng'oa namba za milango, lakini watu bado wamo vyumbani. Tukiandika kitu kipya juu yao, hapo ndipo wanakufa."

Mama Sauda akafika, akaambiwa. Hakunifokea. Alisema tu, "Foibe. Bibi yule tumemzika." Heri angenifokea.

Neema akachukua bisibisi, akaifungua mashine yangu, akaichomoa diski, akaiunganisha ndani ya mashine yake. Akawasha programu ya kutafuta vilivyopotea, aliyopewa na mwalimu wake. Mimi nikasimama nyuma nimeshika skrubu kwenye kisosi. Hata alivyoshika bisibisi niliona wivu. Anaishika kama kalamu! Na niwe mkweli mbele yenu: nilimwomba Mungu kitabu kipatikane, tena niliomba kwa machozi, lakini nikaongezea kwamba kipatikane kwa shida kidogo, Neema atoke jasho, asionekane kama anafanya mchezo. (Mungu hupokea ombi la namna hiyo? Sidhani. Neema hakutoka jasho.)

Saa nne Mzee Feruzi akaingia, kanzu imepigwa pasi, pamoja na wageni wawili kutoka Tabora, Bi Hadija na mdogo wake Kassimu, walioshuka kwenye treni jana. Mama Sauda akawapa soda akawaambia mashine inapata moto. Mzee akavaa miwani tayari, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

Saa tano vitu vikaanza kurudi. Havikurudi na majina, vilirudi na namba. Neema anafungua kimoja: kadi ya harusi. Kingine: ratiba ya kwaya. Kingine: "Kitabu cha Ukoo wa..."

"Kipo!" nikapiga kelele. Nikamkumbatia Neema bila kukusudia.

"Subiri dada," akaninong'oneza. "Vipande vingine vinaweza kuwa vimeungana vibaya. Kimoja kinaweza kudandia kingine. Tukipitie kwanza wote wawili, ukurasa kwa ukurasa."

Sasa hapa, wenzangu, hapa ndipo. Angesema mtu mwingine yeyote ningekubali. Lakini Mama Sauda alikuwa anamtazama Neema kwa macho ambayo mimi sijawahi kutazamwa nayo kwa miaka tisa. Nikasema kwa sauti, wageni wasikie:

"Hakuna haja. Kitabu nimekipiga mwenyewe, nakijua neno kwa neno. Chapa."

"Dada..."

"Chapa, Neema!"

Mnaijua ile printa yetu ya kelele, ya karatasi ndefu zilizoungana. Ikaanza. Mzee Feruzi akasogeza kiti, akawa anaipokea karatasi inavyotoka na kuwasomea wageni kwa sauti ya msikitini.

"'Juma akamzaa Feruzi wa kwanza. Huyu akaja na msafara, akafungua duka la chumvi na shanga. Akamwoa Bi Tausi. Bi Tausi akamzaa Mgeni, na Mgeni akamzaa...'" Akasogeza miwani. "'...Neema leo kavaa viatu vyekundu. Vimempendeza. Imeniuma.'"

Printa ikaendelea na kelele zake.

"Neema?" Mzee akasema. "Neema kwenye ukoo wetu ameingia lini?"

"Endelea kaka," Bi Hadija akasema, "labda ni wa tumbo la Bi Tausi."

Mimi nilishaelewa. Mnanijua tangu chuoni, siku yangu lazima niiandike. Kazi zikipungua huwa naiandika humohumo kwenye mashine, kwenye faili nililoliita BARUA ZA ZAMANI ili mtu asilifungue. Nikaruka kuivuta karatasi. Ile karatasi haikatiki! Inakuja tu, mita kwa mita. Nikajikuta nimeikumbatia kama kanga niliyotoka kuianua, na Mzee ameshika ncha nyingine, anasoma.

"'Kila mteja anamuulizia dada wa kompyuta. Na mimi ni nani? Birika?'"

"Foibe?" Mama Sauda akasema.

"'Lakini kwa haki niseme, Neema ananigawia chapati kila siku. Chapati laini. Hata hilo limeniuma.'"

Kassimu akapaliwa na soda.

"Mzee, naomba usisome," nikasema. "Sio ukoo huo."

"Ngoja binti, nimo humu mimi." Akaileta karatasi karibu na pua. "'Leo Mzee Feruzi kaja. Ananukia karafuu. Kasimulia tena habari ya babu yake kuuziwa punda kipofu. Hii mara ya nne. Nimejifanya napiga, kumbe nilikuwa napiga herufi moja tu hadi alipomaliza.'"

Nilitamani sakafu ipasuke, ila ile sakafu ya Mama Sauda ni zege.

Bi Hadija akaanza kucheka polepole, kisha akashindwa kujizuia, akafuta macho na mtandio. "Ya punda ni kweli, kaka! Jana pale stesheni hata mizigo hatujashusha umetusimulia!"

Mzee hakucheka. Akaivua miwani akanigeukia.

"Sasa nimejua. Kila ukinisomea tulipofikia, ya punda haimo. Nikasema labda sikuieleza vizuri, ngoja niirudie. Mara nne, binti yangu."

Mnaona? Sio kwamba alikuwa amesahau. Alikuwa ananingoja mimi.

Nikasema, "Nisamehe, Mzee." Kisha nikamgeukia Neema, kwa sababu haki ni haki, na watu wote walikuwa wanatusubiri. "Na wewe nisamehe."

Neema alikuwa anatazama viatu vyake. Vilikuwa vilevile vyekundu. Akasema, "Mzee, kipande kilichoingia ni hicho kimoja tu. Kinachofuata ni Mgeni akamzaa Shomari. Nimeshaangalia. Kitabu kizima kipo."

Mzee akafumba macho kidogo, midomo ikacheza. Nadhani alikuwa anamwambia yule bibi marehemu.

Halafu akagonga meza. "Bado punda."

Nikakaa. Kwenye kile kiti cha magurudumu, kwenye mashine ya Neema, ndani ya D ya Neema, kwa sababu mashine yangu ilikuwa matumbo nje. Mzee akasimulia mara ya tano na mimi nikapiga kila neno: babu alivyofika na yule punda hapa, punda akagoma kuendelea kwa kuwa haoni mbele, babu akasema basi tukae. Jamani, kumbe ndiyo sababu ukoo mzima uko Dodoma! Punda! Na mimi niliiacha nje ya kitabu miezi minne. Bi Hadija alipoisikia imeandikwa hakucheka tena.

Walipoondoka na kitabu chao, Mama Sauda akaniambia kuanzia Jumatatu nitafundishwa na Neema, saa nzima kila asubuhi kabla ya wateja. Nikasema ndiyo mama. Nilifikiri nitafukuzwa, kwa hiyo nimefurahi. Nimefurahi kwa shida.

Neema akanisubiri mlangoni. "Dada Foibe. Kumbe viatu vimenipendeza?"

"Niliandika kwa haki tu."

Akavivua. Akanisukumia kwa kidole cha mguu. "Vijaribu."

Nikavivaa. Vimenitosha kama nilipimiwa. Imeniuma.

Basi, msicheke. Mkishasoma futeni, na mkishafuta, Neema asiikaribie mashine yenu.