Moduli Niliyoizima Mwenyewe

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mkataba wangu unaisha Ijumaa. Donald, meneja wa ushirika wetu hapa Voi, hachoki kumsifu Maxwell, kijana wa kompyuta aliyeletwa kwa majaribio. Kijana huyo ana begi lenye zipu kila mahali. Mimi nimelea seva hii, kompyuta inayotoa ukurasa wetu wa bei, miaka mingi na sijawahi kupewa asante, kwa sababu haiharibiki. Basi itaharibika!

Mpango: kuna moduli, yaani kipande kidogo cha programu, inayopokea ukurasa wa bei kutoka kwa seva na kuupeleka kwa Java, programu inayoutengeneza. Nikiizima, ukurasa unakufa. Ofisi inachanganyikiwa. Ooko, yaani mimi, anatokea, anaiwasha. Lorine wa mapokezi anashuhudia.

Jumatano, 11 Juni
Siku ya soko Taveta. Wakulima wa Njukini hufungua ukurasa wetu kabla ya kupakia maharagwe. Nimetia alama mbele ya mistari miwili ya maagizo ya seva, ili isiisome. Moduli ikalala.

Ukurasa haukufa. Badala ya bei umeonyesha maandishi ya programu yenyewe, neno kwa neno, pamoja na vijimaneno ninavyojiandikia humo nikiwa kazini. Nilidhani haviwezi kuonekana na mtu! Njukini nzima imesoma: “Usifute mstari huu, sijui unafanya nini.” Halafu: “Donald anataka rangi ya kijani. Mwache, ana roho safi.” Na chini kabisa: “Leo Lorine kaniletea uji. Hesabu zimenishinda.”

Mama Kathini, mkulima wetu mkubwa, alipiga simu. Alimuuliza Lorine bei ya maharagwe, na kama huo uji ulikuwa wa wimbi au wa mtama. Lorine akanitazama. Nikaenda kukagua printa.

Nimeiwasha moduli. Bado maandishi. Nimeweka Java upya. Nimesali. Bado.

Alhamisi, 12 Juni
Maxwell alivuta kiti. Hakucheka, na hilo liliniudhi zaidi. Aliniuliza taratibu: moduli nimeiwasha, sawa, lakini nimeiambia ipokee kurasa gani? Mstari wa pili! Bado ulikuwa na alama yangu. Nikaitoa huku nikikohoa, nikamwambia nilikuwa nampima. Bei zikarudi. Amesema hatamwambia mtu. Sasa namchukia kidogo tu.

Ijumaa, 13 Juni
Donald aliniita. Nilikuwa nimeshafunga kikombe changu kwenye gazeti. Kumbe Mama Kathini amempigia tena. Amesema tangu ajiunge na ushirika hajaona mtu wa ofisi anayekiri kuwa kuna kitu asichokijua, na huyo asifukuzwe. Nimeongezewa mwaka! Donald akaongeza, akitazama dirishani, kwamba ile kijani kweli ilikuwa nyingi. Nampenda mzee huyu. Masharti: nifute vijimaneno vyote, na moduli nimwachie Maxwell.

Nimefuta vyote. Sitarudia ujinga huu.

Saa kumi Lorine aliweka kikombe cha uji mezani kwangu. Alisema ule wa siku ile ulikuwa wa mtama, na kwamba dada zake wa Bomeni wanauliza mbona hawakupata kuusoma ukurasa ule.

Dada zake wanauliza! Nimemwandikia Lorine mistari minne mizuri, nimeiweka juu kabisa ya programu. Kesho ni soko tena. Nitaizima moduli dakika tano tu, na safari hii najua kuwa mistari ya kuiwasha ni miwili.