Delfino Asife Kabla ya Ijumaa

Bologna, Jumatatu, 3 Novemba 1986

Mvua. Fosco wa baa ameniambia Delfino Bracco amelazwa, mapafu yamekwisha, madaktari wamenawa mikono. Kisha akaendelea kufuta vikombe.

Kwa miaka ishirini na mbili tulichekesha watu pamoja: Delfino alinizaba kofi jukwaani, nami nikaanguka, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Halafu televisheni ikanitaka mimi peke yangu. Nikamwacha kwa barua ya mistari miwili. Kipindi changu kikafutwa baada ya wiki tatu. Hatujasemezana miaka kumi na tano.

Nimelia kidogo chooni kwa Fosco. Nikiwa humohumo nikapata wazo. Mahasimu wawili wapatane kitandani pa mgonjwa, mbele ya kamera! Televisheni lazima inirudishe.

Jumanne, 4 Novemba

Nimempigia Zanotti wa televisheni. Alidhani nimeshakufa. Nikamwambia bado, anayekufa ni Delfino. Akachangamka. Lakini kamera haipatikani mpaka Ijumaa saa nne asubuhi, kabla ya hapo iko kwenye mpira. Nimekubali kwa niaba ya Delfino.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda hospitali kukagua mwanga. Dirisha zuri. Delfino amekonda, kabaki pua. Nikamwamkia mkewe, Ines, nikamwita shemeji kama zamani. Akasema nisimwite shemeji, ushemeji uliisha siku barua yangu ilipofika.

Delfino hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Alinishika mkono akasema, Oreste, njoo kesho peke yako, uanguke mara moja tu, nicheke nijifie zangu. Nikamwambia Ijumaa. Akasema kesho. Nikamwambia Ijumaa, ndugu yangu, Ijumaa nitaanguka vizuri zaidi. Akageukia ukutani.

Nimemsihi muuguzi amtunze sana mpaka Ijumaa saa nne. Akaniuliza, na baada ya hapo je? Sikuwa nimefika huko.

Alhamisi, 6 Novemba

Mazoezi nyumbani. Nimeanguka mara kumi na moja juu ya zulia. Goti limevimba. Jirani wa chini amegonga dari yake kwa ufagio.

Saa tisa alasiri nilivaa koti niende kwa Delfino. Naapa nilivaa. Kisha nikafikiri, nikianguka leo, kesho hatacheka, atakuwa ameshaona. Nikalivua.

Saa kumi na moja Fosco kapiga simu. Delfino amefariki saa kumi. Ines anasema kutwa nzima alikuwa akiutazama mlango.

Zanotti amenipa pole. Akauliza mazishi lini.

Ijumaa, 7 Novemba

Sijala. Ilipofika saa nne nilikaa nikaitazama saa. Ines amemtuma Fosco aniambie nisisogee kanisani. Nitasogea kidogo.

Jumamosi, 8 Novemba

Padri kavaa zambarau! Sisi watu wa jukwaani hatukai chumba kimoja na rangi hiyo, ni nuksi tupu. Nikabaki nje kwenye ngazi, nimeupa mlango mgongo, nikiwatazama watu waliokosa nafasi ndani, na kamera ya Zanotti katikati yao.

Mlango ukafunguka, jeneza likatoka, umati ukapiga makofi. Huku kwetu msanii huagwa hivyo. Najua, nimewapigia wengi. Lakini kiuno changu hakikujua. Kina miaka kumi na tano hakijaisikia sauti ile. Kikainama. Mkono ukaenda kifuani. Nikainama tena, upande wa kulia.

Ines alikuwa nyuma ya jeneza. Akanizaba kofi ambalo hata Delfino hakuwahi kunipa. Nikaanguka. Sikupanga. Mguu wa kushoto juu, kofia kule, kuanguka kulekule kwa zamani. Kisha bibi mmoja akacheka, halafu ngazi nzima. Wabeba jeneza walicheka mpaka likatikisika.

Ines hakucheka. Aliniinamia akasema polepole, Alhamisi alikungoja, Oreste, hiki tu ndicho alichokuomba. Nikalia palepale chini, machozi ya kweli. Kamera niliitazama mara moja tu.

Jumapili, 9 Novemba

Sikulala. Nikifumba macho namwona anautazama mlango.

Nimemwandikia Ines. Ukurasa wa kwanza wote nimeomba radhi, na kila neno nililimaanisha. Ukurasa wa pili nimemweleza kwamba mkono wake una kipaji, kwamba anajua wakati wa kupiga, na kwamba tukianza Januari kwenye kumbi ndogondogo tutafika mbali. Jina lake nimeliweka la kwanza. Nikaisukuma barua chini ya mlango wake.

Jioni nimeikuta kwangu, vipande vipande ndani ya bahasha. Nimeviunganisha mezani. Ni ukurasa wa pili peke yake. Wa kwanza amebaki nao.

Nimefikiri sana kuhusu hilo. Bila shaka anataka jina lake liandikwe kwa herufi kubwa zaidi. Kesho nakwenda na kalamu.