Kiwiko Changu Mbele ya Mama Subilaga

Leo mkono wangu mwenyewe umeniumbua.

Kuna mtaalamu wa chuo amefika hapa Ipinda na kompyuta yake. Anaunda mtu wa vijiti kwenye skrini, anyooshe mkono kama sisi, ili siku moja waliopoteza mikono watengenezewe ya bandia inayojua kukunja kiwiko. Alitaka mkono wa kuiga. Mimi ndiye mchuma kokoa za juu kabisa, nikajipeleka. (Nilishaanza kuona mkono wangu ukimlisha mtu wali huko Ulaya.)

Akanibandika vidoa vinavyong'aa: begani, kwenye kiwiko, kwenye kifundo cha mkono. Sharti: usogee mkono wa kulia tu, wa kushoto ukae pajani, kiwiko kisizibwe kamera ikashindwa kukiona. Nikachukua kikombe mezani. Safi. Akasema huu ndio mkono anaoutafuta, limebaki jaribio moja: kupokea kikombe kwa mtu.

Akamwomba mama mmoja kati ya watazamaji waliojaa ukumbini asaidie. Mama yake Subilaga. Subilaga ambaye nimepeleka posa kwao, na jibu bado.

Sasa huku kwetu mkubwa akikupa kitu, unapokea kwa kulia, kushoto umeshika kiwiko, na magoti unakunja kidogo. Nikishika kiwiko, nakosa kompyuta. Nisiposhika, nakosa mke.

Mama akanyoosha kikombe cha maji. Nikapeleka mkono mmoja, mkavu, kama trafiki anayedai leseni.

"Hee, baba," akasema taratibu, "ndivyo utakavyopokea na kwangu?"

Mkono wa kushoto ukaruka wenyewe. Ukagonga kiwiko, kiwiko kikasukuma kikombe, maji yote kwenye kitenge cha mama. Mdomo nao ukamalizia kwa mazoea: "Ndaga fijo, mama." (Namshukuru sana kwa maji aliyoyavaa yeye.) Kidoa cha kiwiko kikabandukia kiganjani, na kwa kuwa nilishapiga magoti, viganja chini, kuomba radhi, yule mtu wa vijiti kwenye skrini akang'oka kiwiko, kikaserereka hadi sakafuni.

Mtaalamu akarudisha picha polepole, ukumbi mzima ukatazama. Wakaomba arudie. Mama naye aliomba.

Umechukuliwa mkono wa jirani yangu. Yeye kikombe alipewa na mdogo wake.

Jioni Subilaga kanipigia. Jumapili nimealikwa kula kwao. Ila mama ameagiza kila kitu kiwekwe mezani kabisa, mkwe asikabidhiwe chochote.