Nilivyojifanya Mkaaji wa Zamani wa Cholla Bend

Alhamisi, 14 Januari

Tumefika Cholla Bend, kambi ya matrela ya kuishi, yale ya kukokotwa na gari, Arizona. Tunalala usiku mmoja tu, kisha safari. Lorna ametoa onyo tukiwa njiani: ujanja wangu mmoja mwingine, trela linauzwa na tunahamia Omaha, kwenye chumba cha chini ya nyumba ya kaka yake Wendell. Chumba hakina dirisha. Wendell hupiga akodioni. Nimeapa kwa moyo wote, mpaka nilipoona tulipopangiwa.

Wapita njia tunawekwa mbele, juu ya kokoto, ubavuni mwa mapipa ya taka. Wakaaji wa kudumu wako nyuma, chini ya miti, wanakunywa kahawa bila haraka. Na huko nyuma kuna nafasi moja tupu! Nimelivuta trela mpaka pale, nikamwambia Lorna kwamba meneja, Bi Quintana, ametubadilishia. Si uongo. Ni habari iliyotangulia tukio. Lorna amesema anakwenda kufua.

Ijumaa, 15 Januari

Nimewachunguza wakaaji. Mkaaji halisi hana magurudumu. Yaani anayo, ila ameyaziba kwa mbao kuzunguka trela lote, baridi isipite chini. Ana vyungu vya maua. Na turubai la kivuli la mlangoni kwake liko wazi usiku na mchana. Meneja gani atamfukuza mtu asiye na magurudumu?

Nimeokota mbao za kabati bovu kwenye pipa, nikazifunga kwa waya. Moja bado ina kitasa. Imependeza. Turubai nimelifungua lote, na halikunjwi tena.

Jirani yangu ni Orville Tesch, dereva mstaafu wa malori. Huzunguka kambi nzima kwa kigari cha umeme akikagua visivyomhusu. Akauliza niko hapa tangu lini. Nikamjibu tangu zamani, labda hakuniona tu. Akazima kigari.

"Mimi nina miaka ishirini na saba hapa, mzee mwenzangu. Wewe ulikuwa umejificha kwenye kabati lipi?"

Wivu huo. Kisha akalitazama turubai langu, akasema ya kwao yamefungwa kwa boliti kwenye nguzo, maana upepo wa huku hauna adabu. Nikamwambia ashughulike na ya kwake.

Jumamosi, 16 Januari

Siku gani hii!

Kila Jumamosi wakaaji hula pamoja, kila nyumba na bakuli lake. Nimepeleka maharagwe ya kopo, nikayatia majani juu yaonekane ya kupikwa. Karibu kila mtu ameleta maharagwe, na yote yana majani juu. Lorna alikaa katikati ya wanawake akicheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu tuuze nyumba.

Ndipo upepo ukaja. Turubai langu likajaa, trela likainuka upande mmoja! Nikaona kila kitu: trela chali, Omaha, akodioni. Orville aliitupa sahani yake, akaenda kuning'inia kwenye turubai. Kambi nzima ikamfuata, hata bibi mmoja mwenye ndara, wote wakaning'inia kama nguo kwenye kamba mpaka likakunjwa. Mbao zangu ziliruka zote. Ile ya kitasa ilitua miguuni pa Bi Quintana. Magurudumu yangu yakawa uchi mbele za watu.

Nikaanza kueleza. Lorna akanikatiza.

"Nyamaza, Floyd. Anajua tangu Alhamisi. Nilikwenda kumwomba radhi, nikamkuta na wanawake wenzake wanacheza karata, nikacheza nao. Nimeiomba nafasi hii mpaka Aprili, naye amekubali. Trela haliuzwi."

Nikauliza kwa nini basi aliniacha nihangaike na waya siku nzima. Akasema nilikuwa nimetulia, na yeye alipata kupumzika.

Nilikaa chini pale pale mchangani. Haliuzwi! Nililia kidogo, nikasingizia vumbi. Orville akaniletea sahani. Maharagwe yalikuwa mchanga mtupu. Nimeyamaliza.

Jumapili, 17 Januari

Nimelala kama mtoto mchanga. Asubuhi Orville amekuja na nguzo na boliti, tumelifunga turubai barabara. Hakutaka hata asante. Mtu mwema kabisa, nilimdhania vibaya. Nimemwapia Lorna: ujanja basi. Safari hii nimemaanisha.

Orville ana sakafu ya saruji mlangoni, pana kuliko anavyohitaji. Mimi nina mchanga. Jumanne anakwenda Yuma kwa binti yake, wiki nzima. Mpaka kati yetu ni vigingi vitatu tu vya mbao, na nani anakumbuka vilichomekwa wapi? Havijashika sana. Nimeshavijaribu.