Nukta Kubwa Kwenye Korido

Idara ya Vibali ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba kuanzia Jumatatu watumishi wake wote thelathini na wanane watafanya kazi mara mbili: mara moja ofisini, mara ya pili ndani ya kompyuta. Waraka ulibandikwa mlangoni kwa gundi nyingi, ukiwa na sahihi ya Mkurugenzi na mihuri mitatu. Ulieleza kuwa kila mtumishi atageuzwa nukta. Nukta itafundishwa tabia za mwenyewe, itaachiwa itembee kwenye ramani ya jengo pamoja na nukta nyingine, na wakubwa watakaa pembeni watazame kazi inakwama wapi. Aya ya mwisho ilikuwa fupi: nukta itakayoonekana kuwa kikwazo, mwenye nayo ataondolewa ndani ya siku saba, bila mjadala wala rufaa.

Tarishi aliisoma aya hiyo mara mbili. Alikuwa amebeba mafaili katika korido ile miaka ishirini na sita, na alibakiza miwili astaafu. Kibali cha kutundika kibao cha duka kilichukua siku arobaini na moja, na idara nzima ilikubaliana kwamba kosa ni la tarishi, kwa sababu ndiye aliyeonekana akitembea nacho. Wengine walikuwa wamekaa, na aliyekaa hachelewi.

Nyumbani mkewe alimuuliza kama hiyo nukta nayo ina goti bovu. Akasema hajui.

"Basi waambie," mke akasema. "Wasije wakaifukuza kwa uvivu, kumbe goti."

Mtaalamu wa nukta akaja, binti mpole mwenye daftari na kompyuta ya mapajani. Kila mtu alimweleza anavyofanya kazi. Mkuu wa masijala alisema faili likifika hata halipoi. Mpiga mihuri alisema yeye hula chakula cha mchana akiwa amesimama. Binti aliandika yote kwa adabu, kisha akakaa kwenye benchi la wageni siku tatu, akahesabu mwenyewe.

Mkurugenzi yeye alitoa maagizo. Nukta yake iwe ya rangi ya dhahabu, iwe kubwa mara tano kuliko nyingine, na nukta yoyote itakayokutana nayo isimame mpaka ipite, kama itifaki inavyotaka. Binti alijaribu kumweleza kwamba ndani ya kompyuta ukubwa ni mwili, si cheo. Mkurugenzi akamjibu kwamba kwake hivyo viwili havijawahi kuachana.

Mwisho binti akamfuata tarishi.

"Mzee, ukikutana na Mkurugenzi kwenye korido unafanyaje?"

"Najibanza ukutani, mwanangu, mpaka apite."

"Kwa siku anapita mara ngapi?"

"Inategemea kuna wangapi wa kumwona."

Siku ya maonyesho alikuja Katibu Mkuu kutoka wizarani. Viti vilipangwa, maji ya chupa yakagawiwa, taa zikazimwa, ramani ya jengo ikamulikwa ukutani. Tarishi alisimama karibu na mlango, akijitafuta kwenye ramani. Akajiona: nukta ndogo ya buluu, inachechemea. Binti alikuwa ameliweka goti.

Nukta zilianza kazi kama siafu. Mafaili yakatembea. Halafu mlango wa mwisho ukafunguka na nukta ya dhahabu ikatoka. Iliijaza korido ukuta hadi ukuta. Kila kitu kikasimama. Ikaenda hadi mwisho, ikakuta hakuna mtu, ikarudi. Ikaenda tena. Kufikia saa sita mchana ya kompyuta, mafaili yalikuwa yamerundikana hadi dirishani.

Mkurugenzi alisema mashine ina kasoro, nukta ipunguzwe. Ikapunguzwa, ikawa sawa na ya tarishi. Nukta nyingine ziliendelea kusimama kila ilipopita. Ndipo Katibu Mkuu, ambaye mpaka hapo alikuwa akinywa maji tu, akaomba hiyo ya dhahabu itolewe nje ya jengo, waone tu.

Binti akabonyeza. Nukta zikatiririka. Kibali cha kibao cha duka kikatoka kwa siku nne. Watu walitaka kupiga makofi, wakakumbuka kwamba bado wanaihitaji kazi.

Katibu Mkuu akaagiza aletewe waraka. Aliisoma aya ya mwisho kwa sauti, pole pole, akauliza sahihi ni ya nani. Mkurugenzi akakiri ni yake, akaongeza kwamba aya hiyo ilikusudiwa ngazi za chini.

Barua ya uhamisho ilitoka siku ya tano. Ilimpeleka Mkurugenzi kwenye kituo chenye chumba kimoja, kisicho na korido. Tarishi akakabidhiwa aipeleke. Katikati ya korido akamwona Mkurugenzi anakuja, na kwa mazoea akajibanza ukutani. Mkurugenzi naye, ambaye siku hizo alikuwa anaogopa kuonekana anazuia kitu, akajibanza ukuta wa pili, tumbo kalivuta ndani. Wakabaki wanatazamana.

"Pita, mzee," Mkurugenzi akasema.

"Nimeshafika, mkubwa. Hii ni yako."

Akamfungulia daftari la kupokelea barua. Mkurugenzi akasaini palepale, mgongo ukutani. Kwa miaka yote aliyokaa pale, ndiyo karatasi ya kwanza aliyoishughulikia siku ileile iliyomfikia.