Hedifoni Tatu na Sikio Moja

Jumatatu, 7 Oktoba

Tangazo limebandikwa ubaoni pale redioni. Mfadhili ametuletea hedifoni tatu za kujaribu. Moja itabaki studio, mbili zitarudi. Ijumaa saa nne mimi na mtangazaji mwenzangu, Tshenolo, tutafungwa macho, tutasikilizishwa muziki, na kila mmoja ataeleza anachosikia. Atakayesikia vizuri zaidi ndiye atakayechagua. Tena ndiye atakayekaa meza ya waamuzi kwenye shindano la wachanaji wa hiphop hapa Mahikeng, Desemba.

Meza ile ni yangu! Miaka kumi na moja nimeendesha kipindi cha hiphop cha Jumamosi. Wachanaji wote wa mji huu nimewapigia wimbo wao wa kwanza, hata hawa wanaojifanya hawanijui tukikutana dukani. Tshenolo ni binti wa miaka ishirini na minne, mwenye miezi minane tu kazini. Ananiita mjomba mbele ya wageni.

Shida ni moja tu. Tangu Juni sikio langu la kushoto halisikii. Sisemi linasikia kidogo. Limekufa. Hakuna anayejua. Mke wangu Kelebogile anadhani nisipomwitikia ni kiburi tu, na nimemwacha adhani hivyo.

Mtangazaji kiziwi ni kama mpishi asiye na ulimi. Bosi wetu, Mma Seane, hatanifukuza. Hana kelele mama yule. Atanihamishia matangazo ya vifo. Ndivyo alivyomfanyia Rra Modukanele baada ya kiharusi. Mpaka leo mzee wa watu anasoma majina ya marehemu kila alfajiri, na zamani alikuwa anatangaza mpira!

Haiwezekani. Nina siku nne.

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza. Atakayecheza muziki siku hiyo ni fundi mitambo wetu, Rra Phetlhu. Nimempelekea magwinya sita, yale maandazi ya kwetu, ya moto kutoka kwenye mafuta, na ini la kukaanga. Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, Ijumaa tutasikilizishwa nini. Akala manne bila kusema neno. La tano akaniambia yeye hahongwi kwa maandazi. La sita akasema ni wimbo mmoja tu, wa kijana wa mtaa wa Montshiwa, utachezwa mara tatu, na ndani yake amefichaficha sauti ndogondogo upande wa kushoto na upande wa kulia.

Kushoto na kulia!

Nikaomba nizione hedifoni zenyewe. Kuna nyekundu, kubwa kama bakuli mbili. Nimezivaa dakika moja, besi ikanitikisa taya mpaka jino lililozibwa likauma. Furaha iliyoje! Hizi nazisikia kwa mifupa. Kuna nyeusi za waya, nyepesi, hazina mbwembwe. Na kuna za rangi ya fedha, zisizo na waya, zenye sauti ya mwanamke ndani inayokupa habari za chaji.

Tshenolo akaingia. Hakuna aliyemwuliza, lakini akasema nyekundu zimetengenezwa kwa ajili ya watu wasiosikiliza maneno.

"Hiphop yetu ni maneno, mjomba. Mtu anachana Kitswana, anachomeka Kiingereza, anaficha tusi katikati. Besi ikimkalia kifuani, hilo tusi utalisikia wapi?"

Nikamwambia besi ndiyo moyo wa muziki huu. Akasema sawa, lakini moyo unakaa ndani ya mbavu, haukai usoni.

Rra Phetlhu akacheka. Baada ya magwinya yangu sita!

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepata! Nilijifungia bafuni na hedifoni zangu za zamani. Ukizivaa kinyume, sauti ya kushoto inaingia sikio la kulia. Kwa hiyo nizivae sawasawa, nisikilize vya kulia. Kisha nizigeuze, nisikilize vya kushoto. Akili kidogo tu, na sikio moja linafanya kazi ya mawili.

Kinachotakiwa ni kisingizio cha kuzigeuza. Nimejizoeza kujikuna utosini. Jikune, vua, geuza, vaa. Mara thelathini mbele ya kioo.

Kelebogile ameniuliza kama nina chawa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nitaandika yalivyotokea.

Alianza Tshenolo. Mimi nikakaa nje kwenye benchi, nikiukazia macho mlango. Dakika kumi na tano. Alipomaliza, walimwacha akae mle mle, atazame. Hilo sikulitegemea.

Mma Seane mwenyewe akanifunga macho kwa kitambaa chake cha kanisani, kinachonuka kafuri. Giza. Rra Phetlhu akanivika hedifoni. Zilikuwa nyekundu, jino lilinijulisha. Mma Seane akauliza nasikia nini kulia. Nikasema kinanda, na mtu anapiga makofi. Kushoto je? Nikajikuna, nikageuza. Mtoto anakohoa, nikasema, na geti linalia, linataka mafuta.

Kalamu inaandika. Nilikuwa nimepata!

Nyeusi nazo hivyo hivyo. Jikune, geuza. Mma Seane akauliza kwa nini nazichezea. Nikamwambia hivyo ndivyo wataalamu wanavyopima usawa wa pande mbili. Jasho lilikuwa linatiririka chini ya kitambaa.

Zikaja za fedha. Nikajikuna, nikavua. Muziki ukakatika. Yule mwanamke wa ndani akatangaza, chumba kizima kikamsikia, kwamba ameshindwa kunipata. Nikashtuka. Nikageuza. Nikageuza tena. Hapo ndipo hesabu iliponipotea. Sikujua tena mbele ni wapi wala nyuma ni wapi.

"Mtoto anakohoa upande gani?" Mma Seane akauliza.

"Kulia."

"Dakika kumi zilizopita alikuwa kushoto, Rra Oteng."

"Amehama," nikasema.

Rra Phetlhu alicheka mpaka akagonga meza. Mma Seane hakucheka. Alinifungua kitambaa akasema atatoa uamuzi wiki ijayo. Tshenolo naye hakucheka. Alikuwa ananitazama. Hakunitazama usoni. Alikuwa analitazama sikio langu la kushoto.

Jumamosi, 12 Oktoba

Amejua.

Baada ya kipindi nilikuwa uani, nakunywa maji. Ghafla Tshenolo akatokea mbele yangu, kutoka kushoto. Akasema amesimama pale muda mrefu, na ameniuliza mara tatu kama najua nyumba yangu inaungua.

Nikageuka kutazama upande wa nyumbani! Mjinga mimi.

"Haiungui, mjomba," akasema. Kisha akahamia upande wangu wa kulia, akaongea polepole. Bibi yake aliyemlea naye alificha hivyo hivyo. Wao walidhani bibi amewakasirikia. Miaka minne watu wanaishi nyumba moja hawasemezani, na kumbe mama wa watu hasikii. Alipokufa ndipo jirani mmoja akawaambia. Akaniomba niende hospitali. Akaapa hatamwambia mtu.

Sauti yake ilitetemeka kidogo alipomtaja bibi. Lakini waigizaji wazuri wote hutetemeka.

Njama iko wazi. Niende hospitali, jina langu liingie kwenye makaratasi, makaratasi yamfikie Mma Seane, nami niamke saa kumi alfajiri nisome marehemu. Mtoto huyu ni hatari kuliko nilivyodhani. Lazima nimwahi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimemwahi!

Nimeingia kwa Mma Seane na uso wa huzuni. Sikudanganya. Nilisema tu kwamba kuna watu wanasema Tshenolo hasikii vizuri, na labda ndiyo maana besi inamkera. Nikasema mimi ni mtu mzima, nina wajibu wa kumlinda binti huyu. Nikasema naomba jina langu lisitajwe.

Mma Seane akavua miwani. Akasema anashukuru sana, hakujua kwamba nina moyo wa namna hii. Nikainamisha kichwa. Akachukua simu pale pale, akapiga hospitali. Jumatano saa tatu, kupimwa masikio.

Nikamwambia hiyo ni hekima.

"Nyote wawili, Rra," akasema. "Ili asione tumemlenga yeye peke yake."

Nimefika nyumbani sikumbuki nimepita njia gani.

Jumatano, 16 Oktoba

Kuna kibanda kidogo chenye kioo. Unakaa ndani na hedifoni, mpimaji yuko nje na mashine yake. Ukisikia mlio, unabonyeza kitufe. Mpimaji ni mama mfupi, Mma Ditsele, ana kalamu imechomekwa kwenye nywele. Tshenolo alipimwa kwanza, akatoka baada ya muda mfupi sana. Hiyo ilinitisha.

Mpango nikaupata humo humo kibandani. Kila akituma mlio, bega lake linacheza. Nikalikazia macho bega. Likicheza, nabonyeza. Sikio la kulia, safi. Likaja la kushoto. Bega, bonyeza. Bega, bonyeza. Mara kumi na nne! Nikaanza kuiona meza ya waamuzi, na chupa ya maji yenye jina langu.

Akanyanyua mkono. Nikabonyeza. Akajikuna shingo. Nikabonyeza. Akapiga chafya. Nikabonyeza.

Akafungua mlango.

"Rra, mashine nimeizima nikanywa chai. Wewe unasikia nini?"

Nikasema labda ni mwangwi.

Akawasha kitochi, akachungulia ndani ya sikio la kushoto. Akachungulia tena. Akaenda kuchukua koleo jembamba la chuma, akaniambia nisitikisike hata kidogo. Nilidhani nakufa. Nilimfikiria Kelebogile, na miezi minne aliyokuwa akilala akinipa mgongo. Kitu kikavutika, kikauma, kikatoka.

Kimpira. Kimpira cheusi, cha vile vidude vya muziki vya kuchomeka sikioni. Tangu Juni!

Mara dunia ikafunguka. Maji kwenye bomba. Viatu kwenye ukumbi. Pumzi ya Mma Ditsele mwenyewe, anahema kwa pua. Sikulia. Macho yalitoa maji tu.

Akanirudisha kibandani, akafunga pazia, hapakuwa na bega la kutazama. Akapima yote mawili. La kushoto, akasema, ni sikio la kijana. Kisha akaitazama karatasi tena.

"Hili la kulia ndilo ulilokuwa unalitegemea?"

Nikasema ndilo.

Akaniambia nimelifanyisha kazi ya mawili kwa miezi minne, na hedifoni nimeongeza sauti mpaka mwisho. Milio ya juu imeondoka. Ndege, kengele, herufi za mwisho za maneno. Hairudi, Rra. Nisivuke nusu ya sauti kuanzia leo, na kila baada ya saa moja nipumzike, la sivyo la kushoto litafuata.

Nilitoka nje. Tshenolo alikuwa bado kwenye benchi, kumbe alikuwa ananisubiri. Akasimama. Nikamwambia ni uchafu tu, umetolewa. Akanishika mkono wa shati, akauachia. Nilitaka kumwambia habari ya la kulia. Midomo ilifunguka kabisa. Nikamwuliza kama anajua pa kupata kota, ule mkate uliojazwa chipsi, hapa karibu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Mkutano wa wafanyakazi. Mma Seane alikuwa na karatasi zetu mbili mbele yake, amezifunika kwa kiganja. Masikio ya Tshenolo ni kama ya popo. Meza ya waamuzi ni yake. Amechagua nyeusi. Akaeleza: nyepesi, hazichoshi kichwa, zinaziba kelele za chumba, besi ipo lakini mchanaji anabaki mbele, kila neno unalikamata. Nilizivaa. Ni kweli. Sikusema.

Kipindi changu nimeachiwa, lakini Rra Phetlhu amebandika utepe kwenye kitufe cha sauti, kisipite nusu. Huyo naye!

Kisha Mma Seane akasema jambo ambalo sikumwomba aliseme. Akasema shukrani zote ziende kwa Rra Oteng, aliyekuja kwake kwa huzuni kwa sababu alihofia masikio ya Tshenolo.

Nikaona Tshenolo anaunganisha siku kichwani mwake, Jumamosi uani, Jumatatu kwa Mma Seane. Angeweza kunimaliza pale pale, mbele ya watu wote.

"Asante, mjomba," akasema. "Kwa kunijali."

Akakusanya madaftari yake, akatoka. Sijawahi kuogopa neno asante namna hii. Mchana kutwa hakuniita mjomba tena. Aliniita Rra Oteng.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimejitolea kuzirudisha kwa mfadhili zile hedifoni mbili zilizokataliwa. Posta itafunguliwa kesho. Leo ni Jumapili, kwa hiyo mpaka kesho ziko chini ya ulinzi wangu, na kitu usichokijua utakilindaje? Nimezivaa nyekundu.

Jamani! Sikio la kushoto ni jipya kabisa. Halijatumika tangu Juni. Mma Ditsele alisema nisivuke nusu, nadhani. Alikuwa amesimama upande wa kulia, sina uhakika. Isitoshe alisema nusu bila kusema ya nini. Nimeweka mwisho. Jino linacheza ngoma.

Nimefikiri sana kuhusu Desemba. Meza ya waamuzi ina viti vitatu. Cha Tshenolo nimemwachia, mimi si mtu wa kinyongo. Lakini kile cha tatu amepewa mwalimu wa kwaya, mzee Tlhapane, na mzee huyo, kwa mtazamo wangu, haoni vizuri. Kesho nitamtembelea Mma Seane na uso wa huzuni.

Kelebogile amesimama mlangoni. Ameshika mwiko, na mdomo wake unakwenda haraka haraka. Huenda anasema chakula tayari. Huenda anasema kitu kingine, maana nyuma yake naona moshi. Nitamwuliza wimbo huu ukiisha.