Vita Vyangu na Upepo wa Wawi

Jumamosi, 2 Julai 1960
Nimerejea likizo kisiwani kwetu, kijijini Wawi, kutoka Makerere, nikakuta udhalimu! Kusi lavuma, na nyumba ya shangazi yangu, Bi Mwanawema, yaingiza upepo kila upande. Shangazi achoma kuni kutwa. Joto lote latoroka. Na Jumanne Mzee Ngwali anakuja kujibu posa yangu kwa bintiye, Khairiya! Ameshasema hamwozi mtoto kwenye nyumba ya baridi. Vyema. Upepo ni mkoloni: huingia bila hodi, huchukua chetu, huondoka bila shukurani. Nitaufukuza!

Jumapili, 3 Julai
Nimekandika nyufa zote kwa udongo. Baina ya ukuta na paa nimeshindilia makumbi ya nazi. Madirisha nimeyapiga misumari. Jirani yetu Himid, ambaye naye amtaka Khairiya, alipita akauliza iwapo nazika mtu. Nikamhutubia kwa ufasaha juu ya kuuzuia upepo. Akaitikia kwa adabu mno. Simwamini.

Jumatatu, 4 Julai
Fitina! Himid ametangaza barazani kwamba msomi amezuia pepo ndani. Pepo! Herufi moja tu, na heshima ya mtu imekwenda! Wanawake wawili wameleta sinia ya halua, wakanong'ona kuwa ni ya "huyo mkubwa wa ndani". Nimeikataa kimsimamo. Kisha nimeila.

Jumanne, 5 Julai
Joto kamili! Giza kamili pia. Mzee Ngwali aliketi, akalisifu joto. Ushindi! Shangazi, kwa kumkirimu mgeni, akafukiza udi. Moshi ukakosa pa kutokea, jambo lililothibitisha ubora wa kazi yangu. Nikasimama, macho mekundu, natetemeka kwa kikohozi, mikono juu, nikaanza hotuba ya uhuru. Mzee akachuchumaa. Akauliza kwa heshima, kama waulizwavyo waliopagawa, bwana mkubwa katoka wapi na anataka nini. Nikajibu kwa ukweli: nimetoka bara, namtaka Khairiya!
Aliacha viatu.

Jumatano, 6 Julai
Posa imekataliwa. Khairiya kapewa Himid, ambaye nyumba yake ina matundu kama kung'uto! Shangazi kaniambia: "Mwanangu, fungua madirisha, na akili nayo ipate hewa." Nimeitafakari hoja yake, nikaikataa. Kosa nimeliona: mlango. Laiti Mzee angekosa pa kutokea, angeisikiliza hotuba hadi mwisho. Nimeshapeleka posa kwa Mwatum wa Kengeja. Wazee wake waja kuitazama nyumba Ijumaa. Wakishaingia tu, mlango naukandika.